Kinyozi Hajinyoi: Serikali Inapojiuzia Yenyewe

Hapana neno la utawala lililozoeleka nchini Kenya kama neno zabuni. Mwananchi huliona magazetini, hulisikia bungeni na mahakamani, na aghalabu hulisikia likitajwa pamoja na neno jingine lisilopendeza, yaani ufisadi. Hata mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba serikali ikitaka kujenga barabara au kununua madawati, hutangaza, watu hushindana, na aliye bora kwa bei na kwa kazi ndiye hupewa. Lakini uko ununuzi mwingine ambao hautangazwi wala haushindaniwi, na ambao kwa hiyo hauzungumzwi sana. Ni ule ambao mnunuzi ni serikali na muuzaji pia ni serikali. Leo tungependa kuuzungumzia huo, kwa sababu athari zake huwafikia watu walio mbali sana na ofisi zinakotiwa sahihi, watu kama wakazi wa Sericho katika Kaunti ya Isiolo.

Msingi wa jambo hili umo katika sheria. Kifungu cha 227 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaagiza kwamba taasisi ya umma inaponunua bidhaa au huduma, ifanye hivyo kwa utaratibu wa haki, usawa, uwazi, ushindani na unaojali gharama. Ili kulitekeleza agizo hilo, Bunge lilipitisha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016. Sheria hiyo, katika kifungu chake cha nne, inaorodhesha mambo ambayo hayahesabiwi kuwa ununuzi kabisa. Miongoni mwake ni huduma zitolewazo na serikali au idara ya serikali, mali inayohamishwa bila malipo kutoka taasisi moja ya umma hadi nyingine, na ununuzi unaotokana na mapatano baina ya serikali ya Kenya na serikali ya kigeni au shirika la mataifa. Katiba imeagiza ushindani. Sheria nayo imeacha vichochoro kadhaa ambamo ushindani haupiti.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Msamaha huo una sababu zake, na baadhi ni sababu njema. Nambari za magari yetu, kwa mfano, hutengenezwa na wafungwa katika gereza la Kamiti. Wafungwa hujifunza kazi, na siri ya nambari hizo hubaki mikononi mwa dola. Haingekuwa busara kuitaka idara moja ya serikali ishindane na wafanyabiashara kabla ya kuihudumia idara nyingine katika jambo kama hilo. Vilevile mtu mwenye jembe lake nyumbani halazimiki kwenda sokoni kukodi la jirani. Taasisi za umma zimenunuliwa mashine, zimeajiriwa wataalamu na zimejengewa karakana kwa kodi za wananchi. Kuziacha zikae bure huku fedha zikilipwa wengine ni hasara ya aina yake.

Katika Sericho hoja hiyo huwa na uzito zaidi. Sericho ni wadi mojawapo ya wadi tatu za eneobunge la Isiolo Kusini, pamoja na Garbatulla na Kinna. Iko upande wa mashariki, ambako mto Ewaso Ng'iro unaelekea kwenye kinamasi cha Lorian na kupotelea humo. Kaunti nzima ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000, ilhali sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,002 tu. Mwalimu wa hesabu akiwapa wanafunzi wake swali hilo, watampa jibu la watu kama 11 kwa kila kilomita ya mraba. Wafanyabiashara hawakimbilii mahali pa namna hiyo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba shule moja ya Sericho yahitaji kisima cha maji. Zabuni ikitangazwa, huenda asijitokeze mtu, au akajitokeza mmoja tu, naye akajumlisha katika bei yake safari ndefu, ulinzi na hofu ya kuchelewa kulipwa. Hapo hapo, katika mji wa Isiolo yako makao ya Mamlaka ya Maendeleo ya Ewaso Ng'iro Kaskazini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1989, na mjini Garissa liko shirika la serikali linaloshughulikia ujenzi wa miradi ya maji ya kaskazini. Je, si afadhali kazi ikapewa taasisi ya umma iliyo karibu, bila mizunguko?

Yawezekana kabisa kwamba ni afadhali. Lakini hebu tuendelee na mfano wetu. Kisima kimechimbwa, na miezi michache baadaye pampu imekufa. Mwalimu mkuu anataka kujua bei iliyolipwa, urefu uliokubaliwa, na ni nani aliyeahidi kukitengeneza kikiharibika. Katika zabuni ya kawaida kuna tangazo, kuna waliokosa, na kuna barua ya kumwarifu aliyepata na waliokosa. Katika mapatano ya taasisi mbili za umma, huenda kila kitu kikawa ni barua moja iliyotoka ofisi hii hadi ofisi ile, na jibu lake. Anayeuliza ataambiwa kwamba hapakuwa na ununuzi, kwa kuwa sheria yenyewe inasema huo si ununuzi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Watu wengi hudhani kwamba faida ya zabuni ni bei nafuu peke yake. Iko faida nyingine kubwa zaidi, nayo ni kwamba zabuni humzaa mlinzi. Mlinzi huyo ni yule aliyeshindwa. Chini ya sheria ya 2015, aliyekosa kazi na akaamini kwamba amedhulumiwa ana siku 14 za kupeleka malalamiko yake mbele ya bodi ya rufaa za ununuzi wa umma, nayo bodi ina siku 21 za kutoa uamuzi. Mtu huyo hafanyi hivyo kwa uzalendo. Anatafuta riziki yake. Hata hivyo, akiitafuta riziki yake anaifungua mikataba ambayo mwananchi asingeiona kamwe. Mwaka 2014, kwa mfano, kazi ya kuzipatia shule za msingi kompyuta ndogo, iliyotolewa kwa kampuni ya Olive ya India kwa zaidi ya shilingi bilioni 24, ilibatilishwa kwa sababu walioshindwa walikata rufaa. Serikali inapojiuzia yenyewe hakuna aliyeshindwa, na pasipo aliyeshindwa hakuna anayelalamika. Ule msamaha unaoondoa mashindano huondoa pia mlinzi, wala hauweki mwingine mahali pake.

Wananchi wa Isiolo wana sababu ya pekee ya kulikumbuka jambo hili. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilianzisha mpango wa kukodi mashine za hospitali kwa ajili ya kaunti zote 47. Ilikubaliwa kwamba hospitali 98 zipewe vifaa, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa, kwa gharama ya shilingi bilioni 38 kwa muda wa miaka saba. Wizara ndiyo iliyofunga mikataba na kampuni zilizoleta mashine. Kaunti kwa upande wao zilitia sahihi hati ya makubaliano na Wizara, yaani serikali na serikali, na fedha zikawa zinakatwa kabla ya kuwafikia. Kila kaunti ilianza kwa kukatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, na baadaye kiasi hicho kikapanda hadi milioni 200. Magavana kadhaa walisema hawakuionyeshwa mikataba ambayo walikuwa wakiilipia. Seneti ilipounda kamati maalumu ya kuchunguza, mwenyekiti wake alikuwa Seneta wa Isiolo, Fatuma Dullo, na taarifa ya kamati hiyo ya mwaka 2020 iliukosoa mpango huo kwa maneno makali. Hatusemi kwamba mashine hazikumfaa mgonjwa yeyote. Tunasema kwamba mnunuzi alilipa bila kujua bei ya kila kitu, na alilipa kimya kimya kwa sababu muuzaji wake alikuwa ni mkubwa wake.

Walimu watatuelewa vyema zaidi tukigeukia vitabu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, vitabu vya kiada vilitungwa na taasisi ya serikali ya mitaala na kuchapishwa na mashirika mawili ya umma, Kenya Literature Bureau na Jomo Kenyatta Foundation. La kwanza liliundwa kwa sheria mwaka 1980 likirithi kazi ya shirika la vitabu la Afrika Mashariki; la pili lilianzishwa mwaka 1966, na faida yake ilikusudiwa kuwasomesha watoto werevu wa maskini. Nia ilikuwa njema kabisa. Hata hivyo, mtunzi, mchapishaji na mnunuzi walikuwa watu wa nyumba moja, na mwalimu aliyekiona kitabu kina kasoro hakuwa na kingine cha kuchagua. Ilikuwa hadi mwaka 1998 ndipo sera mpya ya vitabu ilipowaruhusu wachapishaji wa kibinafsi kushindana kwa vitabu vya shule za msingi. Mashirika yale mawili hayakufa kwa kushindanishwa. Yapo mpaka leo, yanapeleka miswada yao kukaguliwa pamoja na ya wengine, yakishinda hapa na kushindwa pale. Huo ni ushahidi kwamba taasisi nzuri ya umma haihitaji kufichwa nyuma ya ukuta ili iishi.

Liko swali jingine, nalo ni nani hasa amesimama nyuma ya taasisi ya umma. Baada ya zabuni ile ya kompyuta kubatilishwa, kazi ilitangazwa upya na hatimaye ikapatikana na vyuo vikuu viwili vya umma, kila kimoja na mshirika wake wa kigeni. Chuo Kikuu cha Moi kilishirikiana na JP Sá Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kikashirikiana na Positivo BGH ya Amerika ya Kusini. Zaidi ya vifaa milioni 1 vilipelekwa katika shule zaidi ya 20,000. Kazi ile ilipitia zabuni, hivyo si mfano wa msamaha tunaouzungumzia. Lakini inatuonyesha jinsi ambavyo jina la taasisi ya umma laweza kuandikwa mbele ya kazi ambayo sehemu yake kubwa ni ya kampuni ya biashara. Ubia wa namna hiyo ukiingia kazini kwa njia ya zabuni, si vibaya. Ukiingia kwa mlango wa msamaha, basi mfanyabiashara atakuwa amevaa kanzu ya serikali ili asishindane na wenzake.

Mataifa mengine yamelikabili tatizo hili hili. Mnamo tarehe 18 Novemba 1999, Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya iliamua kesi ya kampuni iitwayo Teckal dhidi ya mji mdogo wa Viano nchini Italia. Mji huo ulikuwa umetoa kazi ya kupasha joto majengo yake kwa shirika la miji kadhaa, bila zabuni. Mahakama ilisema kwamba jambo hilo laweza kuruhusiwa kwa masharti mawili: mnunuzi awe na mamlaka juu ya muuzaji kama aliyo nayo juu ya idara zake mwenyewe, na sehemu kubwa ya kazi za muuzaji iwe ni kwa ajili ya wale wanaommiliki. Mwaka 2005, katika kesi iliyohusu mji wa Halle nchini Ujerumani, mahakama hiyo iliongeza kwamba hata hisa chache tu za mtu binafsi zinatosha kuuvunja msamaha. Mwaka 2009 iliiruhusu Hamburg na wilaya nne jirani kushirikiana katika kuchoma taka bila zabuni, kwa kuwa ulikuwa ushirikiano wa kweli wa kutimiza wajibu wa umma. Mwaka 2014 masharti hayo yaliandikwa katika sheria, na neno "sehemu kubwa" likapewa kipimo: zaidi ya asilimia 80. Sheria yetu inataja huduma za serikali kwa maneno machache sana, bila kipimo cha namna hiyo.

Jirani zetu wa Tanzania nao wana somo la kutupa. Magari ya serikali nchini humo hupelekwa kutengenezwa kwa TEMESA, wakala ulioundwa mwaka 2005. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimegusia mara kwa mara ucheleweshaji na gharama za matengenezo hayo; na wakala kwa upande wake umelalamika kwamba taasisi zenzake hazilipi madeni. Hali hiyo si ngeni kwetu. Kaunti zimekuwa zikidaiwa mabilioni ya shilingi na KEMSA, mamlaka ya kitaifa ya ugavi wa dawa, na deni linapozidi dawa hukatizwa. Mfanyabiashara asiyelipwa huenda mahakamani. Taasisi ya umma isiyolipwa na mwenzake huandika barua, halafu hungoja. Anayeumia kwa kungoja huko ni mama aliyembeba mtoto mwenye homa hadi zahanati ya mbali, akakuta rafu tupu.

Wako watakaosema kwamba mahakama zitatulinda. Lakini mahakama husoma sheria iliyopo. Katika kesi ya reli ya kisasa, ambayo Shirika la Reli la Kenya liliitoa kwa China Road and Bridge Corporation, kampuni ya umma ya China, Mahakama ya Rufani ilisema mwezi wa Juni 2020 kwamba taratibu za ununuzi zilikiukwa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 16 Juni 2023, Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo ikisema kwamba mapatano yale yalikuwa ya serikali na serikali, na kwamba sheria ya wakati ule iliyaruhusu. Kampuni iliyojenga reli ndiyo iliyokuwa imefanya upembuzi wa awali wa mradi wenyewe. Ikiwa jambo hilo linatutia wasiwasi, dawa yake iko Bungeni.

Wapo pia wanaotaka msamaha huu ufutwe wote. Hatukubaliani nao. Zabuni nazo zimeibiwa, tena mchana, na kuilazimisha kaunti ya mbali itangaze zabuni pasipo wazabuni ni mchezo wa kuigiza unaogharimu fedha na muda. Tunaloomba ni utaratibu, na katika hilo wakazi wa Sericho hawahitaji kufundishwa na Nairobi. Waborana wa bonde la Waso wana desturi ya kuweka msimamizi wa zamu kisimani, aitwaye aba herega. Watu wa kisima ni ndugu na majirani, lakini hakuna anayesema kwamba kwa kuwa ni ndugu basi zamu haina haja. Udugu ndio unaoifanya zamu iwe ya lazima, kwa sababu ni vigumu kumkatalia ndugu bila kanuni. Serikali inapoamiliana na serikali yahitaji aba herega wake.

Tunapendekeza, basi, mambo manne. Kwanza, kila mapatano ya malipo baina ya taasisi mbili za umma yachapishwe mahali pale pale zinapochapishwa zabuni, yakitaja kazi, bei na tarehe ya kumaliza, na nakala ibandikwe kwa chifu na katika shule au zahanati inayohusika. Pili, taasisi inayonunua iandike, kabla ya kutia sahihi, ulinganisho wa bei hiyo na bei za soko, na maandishi hayo yawe wazi kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na kwa bunge la kaunti. Tatu, taasisi iliyopewa kazi kwa msamaha ifanye kazi hiyo yenyewe. Ikitaka kuigawia kampuni ya kibinafsi, msamaha uishe hapo na zabuni itangazwe. Nne, mtumiaji apewe haki aliyo nayo mzabuni aliyeshindwa: bodi ya shule au kamati ya zahanati iweze kulalamika mbele ya bodi ya rufaa, kwa muda maalumu na bila ada ya kumkimbiza maskini.

Kwa walimu na wanafunzi tuna neno la nyongeza. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Barua ya kuomba mkataba wa kisima, wa darasa au wa umeme wa jua wa shuleni ni zoezi zuri la insha kuliko mengi yanayotolewa darasani, na hapana mwalimu wa uraia atakayekosa la kufundisha hapo, jibu lije au lisije. Wahenga walisema kwamba kinyozi hajinyoi. Hawakukusudia kumtukana kinyozi; walijua tu kwamba hata fundi hodari hawezi kukiona kisogo chake. Wabunge wetu na waipe serikali jicho la pili, na walimu wa Sericho wasingoje wengine ndipo waanze kuuliza.